Ukuta wa Mtemani

Mwanzo nilidhani kanuniana na mumewe.
Alfajiri, nikitoka na beseni la nguo,
mlango wake uko wazi, na yeye kakaa chini
kauelekea ukuta
kama mtoto aliyetiwa adabu chuoni.
Sriyani, fundi wa maji, katoka Sri Lanka
na vichupa vyake vya kupimia chumvi,
kapangishwa ghorofa yetu, hapa Mtemani.

"Si ugomvi," aliniambia. "Nahesabu pumzi."
"Kwani zimepungua?"
Alicheka hata chai ikampalia.

Bi Mkasi wa chini alishasema yake.
Mimi nilichokiona ni ua la mlangilangi ndani ya kikombe
na picha ya Budha, macho nusu kayafumba,
kama mzazi anayesikiliza chumba cha pili
mtoto kalala au bado.

Moja mpaka kumi, alinifunza. Ukipotea,
rudi moja, na usijigombeze.
Nikamtolea tasbihi yangu: thelathini na tatu
mara tatu, mimi si mgeni wa hesabu.
Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akanirudishia.
"Vidole vyako vimeshahitimu," alisema.
"Tuwasubiri wengine."

Huo ndio mwezi niliokiona kivimbe,
kadiri ya punje ya choroko, titi la kushoto.
Daktari alikata kipande, akakitia kichupani,
kikapelekwa Unguja,
Unguja wakakipeleka Dar es Salaam.
Kipande changu kimesafiri kuliko mimi.
Wiki mbili, walisema.
Hii ya tano.

Basi nakaa. Chokaa imebanduka ukutani
umbo la ng'ombe asiye kichwa.
Moja.
Mbili. Umeme umebaki yuniti tatu.
Moja. Nani atamsuka Rauhiya
ikiwa
moja.
Moja, mbili, tatu, paka wa Bi Mkasi kaingia jikoni,
nne, na nne ndio mpaka wangu,
hapo hunirudisha kila siku kama sina pasi.

Nilipofika saba, mara ile moja,
sikukuta raha waliyoisifu.
Nilikuta hofu imekaa kitako, inapumua.
Hatukusemezana.
Ilikuwa ndogo kuliko nyayo zake za usiku.
Nilipoinuka iliniacha nikatie mchele maji.

Nilimuuliza Sriyani: na wewe ushajua mwisho wako?
Akafungua daftari la kazi.
Visima kumi na tisa, Konde mpaka Kojani.
Hiki Machi kitamu, Agosti chumvi tupu.
Kile watu walishakikimbia, sasa wanapigania ndoo.
"Naandika tarehe," alisema. "Siandiki tabia."

Mradi wake ulikatika Jumatano, bila ya salamu.
Ijumaa alishaondoka, begi moja,
kaniachia mto wa sufi uliobonyea
pale alipokuwa akikaa.
Hakuniambia nitapona.
Nilimngojea aseme, hakusema,
na mpaka leo sijajua nimshukuru au nimlaumu.

Asubuhi hii simu ililia niko kwenye tano.
Namba ngeni. Moyo ukanipanda kooni.
Niliiacha ilie pumzi moja nzima,
ikaingia, ikatoka, ikachelewa kidogo mlangoni,
ndipo nikapokea.
Mwanamme, sauti ya mbali,
anauliza saruji mfuko bei gani siku hizi.
"Umekosea namba."
"Niwie radhi, mama."
Nikamwambia elfu kumi na nane, nilivyosikia juzi sokoni,
maana alikuwa kashapiga, na mimi nilikuwepo.

Nilirudi kukaa. Ng'ombe yupo, kichwa bado.
Nyuma yangu, Rauhiya, chanuo mkononi,
nywele zimesimama kama vifuu vya kuwashia:
"Mama, ukuta umekukosea nini?"

Nikamwambia sogea, kaa hapa katikati ya magoti.
Mistari kumi na mmoja.
Alihesabu yeye.